Duka lisilo na ghala: kampuni kubwa za mawakili zinavyoingiza pesa, na kwa nini hufa ghafla

Mwanzoni mwa 2012 kampuni ya mawakili ya Dewey & LeBoeuf ya New York ilikuwa na wabia wapatao 300, mawakili kwa mamia na ofisi katika miji mikubwa ya mabara kadhaa. Tarehe 28 Mei mwaka huohuo, siku ya mapumziko ya kitaifa Marekani, ikaingia mahakama ya ufilisi. Hakuna moto uliounguza jengo. Hakuna kesi moja kubwa iliyowashinda. Wateja walikuwepo, na wengi wa mawakili wale walikuwa tayari wanafanya kazi zilezile kwa wateja walewale, ila katika jengo jingine na chini ya jina jingine. Kilichokufa ni kampuni peke yake.

Aliyezoea biashara za kawaida ataona hili ni fumbo. Kiwanda cha unga kikifilisika, mashine zinabaki, dalali anakuja na nyundo yake. Kampuni ya mabasi ikianguka, mabasi yapo yadini. Kampuni ya mawakili ina nini? Viti, kompyuta, na mkataba wa pango ambao kwa kawaida ni deni kuliko mali. Kilichobaki kiko vichwani mwa watu na kwenye simu zao: ujuzi, na namba za wateja wanaowaamini. Jioni mali yote inavaa koti na kwenda nyumbani. Asubuhi inarudi ikipenda.

Hilo neno "ikipenda" lina uzito wa kisheria. Kanuni za maadili ya mawakili Marekani zinakataza kampuni kumfunga wakili kwa mkataba wa kutoshindana nayo akihama, kwa hoja kwamba mteja ana haki ya kumfuata wakili anayemtaka. Kanuni nyingine, karibu nchi nzima, inakataza mtu asiye wakili kumiliki sehemu ya kampuni au kugawana nao ada. Kwa maneno mengine, hii ni biashara isiyoweza kufunga mlango mali yake isitoke, wala kuuza hisa kwa watu wa nje ili ijijengee akiba ya siku mbaya. Ukiyashika mambo hayo mawili, mengi yanayoonekana kama tamaa au wazimu wa mawakili wa New York na London yanaanza kuwa na mantiki.

Saa iliyokatwa vipande kumi

Tuanze na bidhaa yenyewe. Wakili wa zamani hakuuza saa. Alifanya kazi, ikiisha akaandika ankara ya mstari mmoja, "kwa huduma iliyotolewa", na kiasi alichoona kinalingana na uzito wa jambo na mfuko wa mteja. Vyama vya mawakili vilikuwa na orodha za bei za chini: wosia kiasi hiki, hati ya nyumba asilimia hii. Mwaka 1958 chama cha mawakili cha Marekani kilitoa kijitabu kikilalamika kwamba kipato cha mawakili kinaachwa nyuma na cha madaktari wa watu na wa meno, kikashauri kila wakili awe na daftari la muda. Kijitabu kilikadiria kwamba wakili anaweza kutoza saa 1,300 hivi kwa mwaka. Iweke namba hiyo pembeni, tutaihitaji.

Kisha ikaja kesi ya mume na mke wa Virginia, akina Goldfarb, waliokuwa wananunua nyumba. Walihitaji wakili wa kukagua hati ya umiliki, wakaambiwa bei ni asilimia 1 ya thamani ya nyumba. Wakawaandikia mawakili wengine 36. Waliojibu ni 19, na hakuna hata mmoja aliyekubali kushuka chini ya hapo. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba orodha ile ni kupanga bei, na kwamba sheria ya ushindani inawagusa mawakili kama inavyowagusa wauza saruji. Orodha zikafa. Kipimo kilichobaki mkononi kikawa saa.

Leo saa hiyo imekatwa vipande vya dakika sita. Kusoma barua pepe ya mteja ni 0.1. Simu ya dakika 18 ni 0.3. Kampuni kubwa za New York hutarajia wakili mwajiriwa afikishe saa 1,900 hadi 2,000 kwa mwaka. Ukitoa likizo na siku za mwisho wa juma, hizo ni zaidi ya nane kila siku ya kazi, na ni zile tu zinazokwenda kwenye ankara. Chai haimo. Mafunzo hayamo. Kikao cha ofisi hakimo. Ili apate nane za kutoza, wakili hukaa kazini kumi au kumi na moja. Yule wa 1958 na saa zake 1,300 angeonekana leo ni mtu wa mapumziko.

Sasa hesabu. Chukua wakili mwajiriwa wa mwaka wa tatu. Nitatumia namba za mviringo ili tuone umbo. Anatoza saa 1,900 kwa dola 1,000 kila moja, inakuwa dola milioni 1.9. Lakini si kila saa iliyoandikwa hulipwa. Mbia hupunguza ankara kabla haijatoka, kwa kuona haya kumtoza mteja saa 14 za barua ya kurasa mbili. Mteja naye akiipokea huipunguza tena. Tuseme dola 85 katika kila 100 ndizo zinazoingia benki. Ni milioni 1.6. Mshahara na bonasi yake, kwa viwango vya kampuni za juu New York, ni kama dola 320,000. Bima, pango, makatibu, ada za maktaba za mtandaoni, tuweke 280,000 nyingine. Zikitoka 600,000, inabaki dola milioni 1, na wala si yake. Mbia mwenye watu wanne wa namna hiyo chini yake ana milioni 4 kabla mwenyewe hajaandika dakika sita za kwanza.

Watu wa fani hii wana kanuni ya zamani, ya theluthi tatu: katika kila dola anayoingiza mwajiriwa, theluthi moja ni mshahara wake, moja ni gharama za ofisi, moja ni faida ya wabia. Kama mfano wangu unavyoonyesha, kwa kampuni za juu kabisa kanuni hiyo imeshapitwa. Fungu la wabia limenenepa. Bei ya saa ya mbia mwenye jina imevuka dola 2,000, na mteja mwenye mkataba wa mabilioni hailalamikii sana, kwa sababu ada ya wakili ni chumvi tu kwenye sufuria ile.

Piramidi, na wanaoshuka kwa heshima

Aliyeipa injini hii umbo ni Paul Cravath, wakili wa New York wa mwanzoni mwa karne ya 20. Mpango wake ulikuwa rahisi kuueleza: chukua vijana walioongoza darasani Harvard, Columbia na Yale wangali wabichi, walipe, wazungushe kwa wabia mbalimbali wajifunze, kisha baada ya miaka kadhaa ama uwafanye wabia ama waondoke. Kubaki katikati hakukuruhusiwa.

Nje ya fani hiyo "ama panda ama ondoka" ilionekana ukatili. Kibiashara ilikuwa na akili. Piramidi inahitaji wengi chini na wachache juu. Wote wakipanda, hakuna wa kubeba. Na anayeondoka hapotei. Anakwenda kuwa mwanasheria wa ndani wa benki au kiwanda, na siku benki hiyo inahitaji kampuni ya nje, anampigia simu nani? Kampuni iliyomsindikiza kwa heshima imejipandia mteja wa kesho.

Mishahara ya vijana hawa ina kichekesho chake. Wakili wa mwaka wa kwanza katika kampuni za juu alilipwa dola 125,000 mwaka 2000, 160,000 mwaka 2007, 180,000 mwaka 2016, na tangu mwisho wa 2023 ni 225,000. Kichekesho ni kwamba namba ni ileile kampuni hadi kampuni. Moja ikitangaza nyongeza, katika wiki chache nyingine zote zimefuata, hata zile ambazo faida yao ni nusu ya ya mwenzao. Ni kama daftari la mchango wa harusi: ukishaona majina ya juu yameandika ngapi, kuandika pungufu ni kutangaza hali yako mbele ya ukoo mzima. Kampuni inayolipa 210,000 imeokoa pesa kidogo na imewaambia wanafunzi wa Harvard kwamba haimo tena kwenye kundi.

Chungu kimoja, vijiko vingi

Fedha zimeingia, wafanyakazi wamelipwa. Sasa kuna chungu cha faida, na wabia wamekizunguka. Hapa ndipo kampuni hutofautiana kweli, na hapa ndipo nyingi huvunjikia.

Njia ya kale, ya kampuni yenye jina la Cravath na ya kampuni kubwa za London kama Slaughter and May, ni kugawa kwa miaka ya utumishi. Wabia walioingia mwaka mmoja wanapata sawa, awe aliyeleta mteja mnono au hakuleta. Uzuri wake hauonekani kwa mgeni. Mbia ambaye mteja wake wa muda mrefu ameletewa kesi ya kodi hana sababu ya kung'ang'ania kazi asiyoijua. Anampa mwenzake wa kodi, na mfuko wake haupungui. Hakuna anayemficha mteja. Ubaya wake nao uko wazi: bingwa wa miaka 45 anamlisha mzee wa miaka 62 ambaye simu yake haiiti tena.

Njia ya pili ni kila mmoja ale alichochuma. Umeleta mteja, sehemu kubwa ya faida yake ni yako. Wachumaji wanabaki, wavivu wanakimbia, lakini katika kampuni ya namna hiyo kila mtu hulala na daftari la wateja wake chini ya mto.

Kwa miaka mingi uchaguzi ulikuwa wa ndani. Mbia alijua anachopata yeye. Cha kampuni ya jirani alikisia. Mwaka 1985 jarida la The American Lawyer, lililoanzishwa na Steven Brill miaka sita kabla, likachapisha orodha ya kampuni kwa faida ya kila mbia. Sidhani kama kuna ukurasa wa gazeti uliobadilisha fani ya sheria kuliko ule. Usiku mmoja kila mbia wa Marekani akajua bei yake sokoni. Aliyekuwa ameridhika na pesa zake asubuhi, jioni alikuwa ameonewa.

Na namba hiyo moja ikaanza kuendesha kampuni. Faida kwa mbia ni sehemu: juu faida, chini idadi ya wabia. Unaweza kuikuza kwa kuongeza cha juu, ambayo ni kazi ngumu, au kwa kupunguza cha chini, ambayo ni mkutano mmoja. Kampuni yenye faida ya dola milioni 300 na wabia 150 inaonyesha milioni 2 kwa kila mmoja. Wabia 50 wakigeuzwa kuwa "wabia wa mshahara", wenye jina mlangoni lakini wasio na kijiko chunguni, na kila mmoja alipwe dola 800,000, faida inashuka hadi milioni 260, lakini inagawiwa kwa 100. Namba ya kwenye orodha inakuwa milioni 2.6. Kampuni imekuwa na faida pungufu na imepanda daraja.

Aliyeucheza mchezo huu kwa ustadi kuliko wote ni Kirkland & Ellis, kampuni ya Chicago iliyoanza 1909. Ina wabia wa aina mbili, na chini ya nusu yao ndio wenye fungu. Mwajiriwa hupewa cheo cha mbia wa mshahara mapema, karibu mwaka wa sita, ambacho kinampa heshima mbele ya mteja na bei ya juu kwenye ankara, kisha anashindana miaka mingine kuingia ndani. Ilijishikiza kwa wateja ambao kazi yao haiishi: mifuko ya uwekezaji inayonunua makampuni na kuyauza tena baada ya miaka michache. Kila kununua ni mkataba, kila kuuza ni mkataba. Mwaka 2024 ilikusanya dola bilioni 8.8, na kila mbia mwenye fungu, kwa wastani, alipata dola milioni 9.25.

Kwa kampuni kama hiyo kumpa bingwa wa kampuni nyingine malipo makubwa zaidi ili ahame ni jambo la hesabu tu. Mwaka 2016 Scott Barshay, mmoja wa wabia wakuu wa Cravath katika miungano ya makampuni, alihamia kampuni ya mawakili ya Paul Weiss, na mji mzima wa mawakili ukashtuka, kwa sababu hadi hapo mbia wa Cravath alikuwa hahami, alistaafu. Mwaka 2021 Cravath ikaacha kugawa kwa miaka peke yake. Mwaka 2023 ikaleta wabia wa mshahara. Nyumba iliyotunga kanuni za mji ikafuata kanuni za soko.

Turudi kwa marehemu

Dewey & LeBoeuf ilizaliwa Oktoba 2007 kwa muungano wa kampuni mbili za New York, zote za zamani. Muungano wa mawakili una hatari moja ambayo haimo katika muungano wa viwanda: kinachounganishwa kinaweza kuondoka siku ya pili. Ili kisiondoke, na ili kuvuta mabingwa wa kutoka kwingine, uongozi uliwaahidi wabia kadhaa malipo ya uhakika ya mamilioni kwa mwaka, iwe faida imepatikana au haikupatikana. Mwaka uliofuata ulikuwa 2008, na msukosuko wa fedha ukaukata mfereji wa kazi za benki.

Hapo tatizo la akiba likajitokeza. Kampuni za mawakili hugawa karibu faida yote kila mwaka. Nyingi huhesabu kwa pesa taslimu: ankara isiyolipwa hadi 31 Desemba si pato la mwaka huo, ndiyo maana Desemba wabia wazima wenye mvi hushinda kwenye simu wakiwabembeleza wateja walipe kabla ya sikukuu. Januari chungu hakina kitu. Ofisi inaendeshwa kwa michango ya mtaji ya wabia, ambayo wengi huikopa benki, na kwa mkopo wa kampuni yenyewe. Dewey iliongeza jambo la ajabu kwa fani hii: mwaka 2010 iliuza hatifungani za zaidi ya dola milioni 100 kwa wawekezaji binafsi.

Mwaka 2012 ilipobainika kwamba walioahidiwa hawawezi kulipwa wote, kila mbia alibaki na swali moja tu. Lilihusu wenzake: je, wanaondoka? Ukikaa wakati wengine wanahama, unabaki na madeni na pango. Ukihama wa kwanza, unaondoka na wateja. Ni mbio zilezile za watu kwenye benki iliyoingiwa na uvumi, tofauti ni kwamba hapa mwenye akaunti na fedha iliyomo ni mtu mmoja. Tangu dalili za kwanza hadi mwisho zilipita wiki chache. Baadaye mamia ya wabia wa zamani walikubali kurudisha jumla ya dola milioni 70 hivi ili wasishtakiwe na wanaodai, na baadhi ya viongozi wakafikishwa mahakamani kwa hesabu zilizopambwa. Mkuu wa fedha alitiwa hatiani mwaka 2017.

Haikuwa ya kwanza. Finley Kumble ilikufa mwishoni mwa miaka ya 1980, Brobeck ya San Francisco 2003, Heller Ehrman na Thelen zote 2008, Howrey 2011. Ukisoma habari zao moja baada ya nyingine unachoka, maana hadithi ni ileile.

Udhaifu huo ulionekana tena machi 2025, kwa sura nyingine kabisa. Rais Donald Trump alitoa amri dhidi ya kampuni kadhaa zilizowahi kuwatetea au kuwaajiri mahasimu wake: mawakili wao wazuiwe kuingia majengo ya serikali, wateja wao wenye mikataba ya serikali waulizwe. Watu walishangaa kuona Paul Weiss, kampuni ya mabilioni iliyojaa watu wa kushitaki, ikikubaliana na Ikulu ndani ya siku chache na kuahidi kazi za bure za thamani ya dola milioni 40. Kampuni nyingine nane zilifuata, jumla ya ahadi ikafika milioni 940. Mkuu wa Paul Weiss aliwaeleza wafanyakazi kwamba amri ile ingeweza kuimaliza kampuni, na kwamba washindani walikuwa tayari wanawanyemelea wateja na mawakili wake. Mtu anaweza kuuhukumu uamuzi ule anavyotaka. Mimi nauona wa aibu. Lakini hofu yake haikuwa ya kubuni. Kampuni nne zilizokwenda mahakamani, Perkins Coie, Jenner & Block, WilmerHale na Susman Godfrey, zote zilishinda katika mahakama za wilaya. Susman Godfrey inaishi kwa kesi tu. Mteja wa kesi anamtaka mgomvi. Mteja wa kununua makampuni anataka wakili asiyegombana na serikali inayoidhinisha ununuzi wake.

Majina ya nje kwenye vibao vya Nairobi na Dar es Salaam

Msomaji wa huku atauliza hayo yanamhusu vipi. Hamilton Harrison & Mathews, iliyoanza Nairobi mwaka 1902, leo jina lake linatanguliwa na Dentons, jina la kimataifa la mawakili. Nairobi na Dar es Salaam zina kampuni zilizo chini ya mwavuli wa DLA Piper Africa. Mtu anapoona kibao hudhani kuna makao makuu Ulaya au Marekani yanayovuna faida. Sivyo. Miavuli hiyo imejengwa kwa umbo la shirikisho la kisheria la Uswisi: wanachama wanagawana jina, tovuti na njia ya kutumiana wateja, lakini chungu cha kila mmoja kiko jikoni kwake. Mbia wa London hataki kugawana pato na wa mji ambao saa ni dola 150, na wa mji huo hataki kubeba deni la London. Jina ndilo pekee wanaloweza kumiliki pamoja bila kugombana.

Kuna tofauti nyingine ambayo akina Goldfarb wangeitambua. Kenya ina Amri ya Malipo ya Mawakili, iliyorekebishwa 2014, na Tanzania ina yake ya 2015. Zote zinaweka viwango vya ada, na kwa uhamisho wa ardhi au mkopo wa rehani ada hufuata thamani ya mali. Kenya, kutoza chini ya kiwango ni kosa la kisheria. Kilichoharamishwa Marekani mwaka 1975, huku kimeandikwa kwenye sheria, ingawa kimewekwa na mamlaka na si na makubaliano ya chama peke yake. Matokeo yake ni kwamba wakili wa ardhi hahitaji piramidi. Hati ya nyumba ya thamani kubwa humlipa sawa, iwe imemchukua siku mbili au wiki mbili, hivyo anapendelea ofisi ndogo na karani mzoefu anayejua milango ya masijala ya ardhi.

Mashine isiyovaa koti

Kazi nyingi za chini ya piramidi ni kusoma. Kampuni inanunuliwa, kuna mikataba 2,000 ya kukagua, vijana kumi wanakaa nayo wiki tatu. Programu za akili mnemba zinafanya sehemu kubwa ya usomaji huo kwa saa chache, zikihitaji mtu wa kuhakiki. Ukitoza kwa saa, umejikata mwenyewe pato. Wateja wameshaona hivyo na wanadai bei moja kwa kazi nzima, na hapo mambo yanageuka: aliyekuwa anapenda kazi ichukue muda mrefu sasa anataka iishe kesho.

Kinachonivutia zaidi ni jambo la kihasibu. Mashine ni mali ya kwanza katika historia ya kampuni hizi isiyokwenda nyumbani jioni. Inabaki ofisini, haihamii kwa mshindani, haidai fungu. Lakini inunuliwe na kutunzwa kwa fedha zilizowekwa akiba, na hawa ni watu waliozoea kukikomba chungu kila Desemba. Ndiyo sababu mjadala wa fedha za nje umerudi kwa kishindo.

Fedha za nje zina rekodi ya kutia shaka. Slater and Gordon ya Melbourne ilikuwa kampuni ya kwanza ya mawakili duniani kuuza hisa zake sokoni, Mei 2007. Hisa zilipanda, ikawa na sarafu ya kununulia wengine, na 2015 ikanunua kitengo cha madai ya ajali cha kampuni ya Quindell ya Uingereza kwa pauni milioni 637. Madai mengi hayakuwa na thamani iliyodhaniwa. Kufikia 2017 wakopeshaji walikuwa wamechukua karibu kampuni yote. Uingereza, hata hivyo, imeruhusu umiliki wa wasio mawakili kwa sheria ya 2007, na mbingu haijaanguka. Marekani jimbo la Arizona lilifuta katazo mwaka 2020, na Februari 2025 likaipa leseni KPMG, mojawapo ya kampuni nne kubwa za uhasibu. Kwingineko wajuzi wanatumia mlango wa nyuma: wanaipasua kampuni vipande viwili, mawakili upande mmoja, na upande wa pili kampuni ya kawaida inayomiliki kompyuta, jina na wahasibu, ambayo mwekezaji anaweza kuinunua.

Na hapo mkutano wa wabia unagawanyika kwa umri. Mbia wa kampuni ya kawaida akistaafu hauzi kitu. Anarudishiwa mchango wake wa mtaji na anaagwa kwa chakula cha jioni. Mwekezaji akija, yule wa miaka 61 anapata kwa mkupuo thamani ambayo hakuwahi kuota kuipata, na yule wa miaka 38 anabaki kugawana chungu na mtu asiyeandika hata 0.1 kwa mwaka. Wa miaka 61 ana kura nyingi zaidi. Wa miaka 38 ana simu yenye namba za wateja.